Hẻm Namba Arobaini

Nhàn aliruka kutoka kwenye gari la wagonjwa hata kabla halijasimama sawasawa, begi la dawa begani, akaanza kukimbia. Wito ulikuwa mfupi: mzee ameshambuliwa na manyigu juu ya paa akianua nguo, uso umevimba, pumzi zinakatika. Nyumba namba saba, hẻm arobaini, phố Lò Gạch.

Muuguzi aliyezunguka Hanoi miaka kumi na mmoja hahitaji ramani. Phố ni barabara yenye maduka, gari linapita. Ubavuni mwa phố hutoka ngõ, uchochoro ambao pikipiki mbili hupishana kwa kuombana radhi. Ngõ nayo hutoa ngách, nyembamba zaidi, na ngách hutoa hẻm, mwanya wa mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo hẻm iko ndani kabisa, na katika phố Lò Gạch nzima hẻm yenye namba arobaini ilikuwa moja tu. Nhàn aliijua.

"Dada Nhàn, taratibu basi!" Dereva Quyết alihema nyuma yake, machela iliyokunjwa kwapani. "Mwenzio nina tumbo, sina mbawa!"

"Tumbo umelifuga mwenyewe. Kimbia!"

Ilikuwa saa sita mchana na ngõ imejaa moshi wa nyama ya kuchoma. Waliruka vigoda vya walaji, wakakata kona ya ngách, wakaingia hẻm huku mabega yakikwaruza kuta. Namba saba mlango ulikuwa wazi. Ndani, fundi cherehani alikuwa akila tambi.

"Mgonjwa yuko wapi?" Nhàn aliuliza.

"Mgonjwa gani? Niko peke yangu, na ni mzima. Labda unidunge sindano ya kuvuta wateja."

Nhàn hakucheka. Alitazama saa: dakika nane zimepotea. Aliomba kituoni namba ya aliyepiga simu, akampigia mwenyewe. Vidole vilikosea tarakimu mara mbili.

"Mko wapi jamani?" Sauti ya mwanamke ilipasuka sikioni. "Midomo imekuwa ya bluu! Gari lenu nimeligonga mlango, halina mtu!"

"Gari letu unaliona?"

"Lile pale mbele ya duka la kofia! Nikisimama mlangoni naliona!"

Nhàn aliganda. Kutoka ndani ya hẻm hakuna mtu anayeweza kuiona barabara.

"Mama, mimi ni muuguzi, naitwa Nhàn. Wewe unaitwa nani?"

"Sáu! Mama Sáu!"

Sáu ni sita. Watu wa kusini ndio huitana kwa namba ya zamu ya kuzaliwa katika familia mpaka uzeeni. Na ile lafudhi, ambayo Nhàn alidhani imevurugwa na kilio tu, ilikuwa ya kusini.

"Mama Sáu, wewe ni mtu wa Saigon?"

"Ndiyo, tumekuja juzi kwa binti yetu. Kwani mtu wa Saigon hatibiwi huku?"

"Anatibiwa, mama. Mlaze, miguu iwe juu. Akishindwa kupumua hivyo, mkalishe umwegemeze. Nakuja!"

Kule kusini, Saigon, kila uchochoro unaotoka barabarani huitwa hẻm, mpana kwa mwembamba. Aliposema hẻm, Mama Sáu alimaanisha ngõ arobaini, hatua thelathini kutoka mahali walipoegesha gari. Walikuwa wameipita mbio.

Machela ilikwama kwenye kona. Nhàn alimwacha Quyết akiipindua na kuilaani, akakimbia peke yake, akipiga kelele watu wampishe. Mama Sáu, mwanamke mfupi aliyevaa kandambili zisizofanana, alimdaka mkono na kumvutia ndani.

Mzee alikuwa chini ya ngazi, macho yamezibwa na uvimbe, kifua kikilia filimbi. Nhàn alimchoma sindano ya adrenalini pajani, juu ya suruali, akashika mshipa wa shingo na kungoja. Hakuna nafuu. Quyết alifika na oksijeni. Dakika tano. Nhàn alichoma ya pili.

"Baba Sáu, unanisikia? Vuta pumzi."

Filimbi ilianza kulegea polepole. Bluu ilitoka midomoni. Mzee alisogeza ulimi, akanong'ona, "Nguo... zimeanuliwa?"

"Nguo!" Mama Sáu alimpiga kofi dogo la bega, akaangua kilio. "Mzee huyu mpumbavu, nguo!"

Ndani ya gari mama hakuachia mkono wa mumewe. "Mwanangu, nilitaja anwani vibaya?"

"Hukukosea, mama. Sisi ndio hatukuuliza."

Hospitalini madaktari walimpokea mzee na kusema atalala hapo siku moja wamchunguze. Quyết alienda kutafuta chai. Nhàn alishindwa kukaa. Alitembea ukumbini huku na huku, kisha akampigia msimamizi wa kituo cha simu.

"Kaka, waambie vijana wamuulize kila mpigaji kama anaiona barabara kubwa."

"Mtu analia, wewe unataka umfundishe jiografia?"

"Swali moja tu, kaka. Leo kutoliuliza kumetugharimu robo saa."

"Haya, tutaliangalia."

Neno hilo halikumtuliza. Aliendelea kutembea mpaka redio ilipoita tena: mama mjamzito ameanguka bafuni, ngách ya tatu, upande wa ziwani. Quyết alikuja mbio na chai inamwagika, wakaingia garini, akawasha king'ora. Nhàn, mkanda haujafungwa, tayari alikuwa na simu sikioni.

"Dada, pole. Niambie, ukifungua mlango unaona nini?"