Jasho Kidoleni

Dada alikuwa wa mwisho kupanda mashine ya kukimbilia, na hapo ndipo utani ulipoanza.

"Huyo hapimwi, anabembelezwa," alisema msichana waliyemwita Kamba kwa wembamba wake. "Mpimaji si mdogo wake?"

"Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe," mwenzake akadakia, na maabara nzima ikacheka.

Mpimaji naye alicheka, lakini masikio yalimwaka moto. Alikuwa ametoka chuoni juzijuzi, na tangu asubuhi alikuwa akiwaeleza wakimbiaji kwamba laktati si sumu kama wanavyodhani. Misuli ikifanya kazi ngumu huizalisha, na misuli hiyohiyo, pamoja na moyo, huichoma kama kuni. Mtu aliyezoea mbio ndefu mwaka baada ya mwaka, mwili wake hujifunza kuitumia upesi. Ndiyo maana, kwa kasi ileile, damu yake hubaki na laktati kidogo kuliko ya asiye na mazoezi. Kocha aliyapenda maelezo hayo kupita kiasi. Akaamua kwamba nafasi moja iliyobaki katika timu, iliyogombewa na Dada na Kamba, itatolewa kwa kipimo hicho.

Dada aliposhuka, mpimaji hakumtazama usoni. Alimchoma kidole harakaharaka, akaminya, akagusisha tone la damu kwenye kijiti cha kipimo. Namba ikatokea kwenye kioo, kubwa kuliko za wote.

Kocha aliisoma, akashusha pumzi. "Mama, umri nao una haki yake. Umeshatukimbilia vya kutosha."

"Mwili umesema," Dada akajibu. Akavua viatu, akavishika mkononi, akatoka na soksi tu. Wasichana walimpisha, wakijifanya wanatazama dirisha.

Mpimaji akabaki kufuta meza, moyo ukimuuma kwa ajili ya Dada. Kila mkimbiaji alikuwa ametengewa pamba yake ya kukaushia kidole kabla ya kuchomwa. Kwenye trei, moja ilikuwa bado imekunjwa, nyeupe, kavu. Mikono yake ikasimama. Jasho nalo lina laktati, tena nyingi. Tone la damu likichanganyika na jasho, namba hupanda bila sababu. Hilo alifundishwa mapema kabisa.

Aliwakuta wote ukumbini, Dada akiwa ameketi peke yake kwenye benchi la nyuma.

"Kocha, kipimo cha Dada si sahihi."

"Yaani mashine imeona imkosee dada yako tu?"

"Mashine haikukosea, nimekosea mimi. Wengine wote niliwakausha kidole. Yeye sikumkausha."

"Kwa nini?"

"Niliogopa wataona nampendelea," alisema.

Kamba aliinamisha kichwa. Kocha alimtazama mpimaji mpaka akatamani ardhi immeze, kisha akaamua: Dada apumzike vizuri, akimbie tena kwa kasi ileile, na mpimaji akae mbali.

Safari hii kidole alikishika Kocha mwenyewe. Alikifuta kwa spiriti, akakikausha, akalitupa tone la kwanza, Kamba akiwa amechungulia begani kwake kama wakala wa uchaguzi. Namba ikatoka ndogo kuliko ya Kamba.

Kamba aliitazama namba tena. Kisha akampa Dada mkono. "Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Mwakani utaninyang'anya nafasi hii, usijali."

Watu walipotawanyika, mpimaji alimsogelea. "Nisamehe, Dada."

"Jasho nimeshalisamehe," alisema akijifuta shingo kwa taulo. "Lakini ile namba ilipotoka, hukushtuka. Mdogo wangu, tunaishi nyumba moja. Unanisikia nikitoka kukimbia kila alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe. Hata kuuliza, 'Imekuwaje?' ulishindwa. Ulinihesabu mzee, ukaridhika."

Tangu asubuhi mpimaji alikuwa akieleza jinsi mwili hujifunza kwa mbio za mwaka baada ya mwaka, wala hakumkumbuka Dada. Ni kweli aliridhika. Alimhurumia, na katika kumhurumia alikuwa ameshamzika.

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta jasho la Dada kwenye mashine ya kukimbilia, polepole, mkanda mzima. Dada alibadili viatu, akasimama mlangoni kumngoja waende nyumbani.