Fomu Ishirini na Sita Zilizo Wazi

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, anga ikiwa nyeupe na upepo wa kusini ukisukuma maji ya ziwa juu ya ngazi za gati, fundi Gervasi alifika kwenye chumba cha seva cha kampuni ya boti za abiria pale Katonga. Alivua viatu, akavipanga sambamba mlangoni kama alivyozoezwa bwenini, akaanza kazi. Seva ilikuwa na memori ya gigabaiti sitini na nne. Jumatatu asubuhi zilitumika hamsini na tatu. Sasa zilikuwa hamsini na tatu na nusu. Zikijaa, seva ingezimika na tiketi zisingeuzwa.

Alifuata taratibu bila kuruka hata moja. Alizima seva na kuiwasha; matumizi yakarudi palepale. Alipunguza akiba ambayo kanzidata hujiwekea, hakuna kilichobadilika. Alichapa jedwali la miezi mitatu, akaona kwamba matumizi hayakupanda ovyo. Yalipanda mara moja kwa siku, saa tisa alasiri, kwa kiasi kilekile, kisha yakatulia. Mashine mbovu haina ratiba.

Kufikia adhuhuri alikuwa amepata chanzo. Fomu ishirini na sita za abiria zilifunguliwa tarehe 6 Februari kwenye kaunta namba tatu, na tangu hapo hazikuhifadhiwa wala kufutwa. Fomu ya namna hiyo hukaa ndani ya memori, na hizi zilikuwa zikirefuka.

Saa tisa alishuka kaunta. Karani Yunisi alikuwa ametandika magunia sakafuni.

"Mwidiwe, fundi," alimsalimu kwa Kiha. "Pita huku, hapo pana maji."

Abiria ishirini na sita walikuwa wamepanga foleni, nguo zikiwachuruzika maji. Hawakusukumana. Kila mmoja alifika dirishani, akataja jina lake na jambo moja la kuongeza, na Yunisi akaandika. Mmoja alisema alikuwa na mabati manane. Mwanamke mmoja alitaja jina la mtoto aliyekuwa mgongoni mwake, kwa kuwa mara ya kwanza hakuulizwa.

"Hawa ni wa ile boti ya Mwamgongo?" Gervasi aliuliza.

"Ndio wenyewe. Mfumo unakubali arobaini na watano. Wakizidi, bosi anapiga simu: wapande, fomu iache wazi, tutaimalizia boti ikirudi. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Na boti haikurudi."

"Haikurudi, kaka. Sasa niwafukuze vipi watu niliowaambia mimi mwenyewe wasubiri?"

Siku ile ya Februari majaketi ya kujiokolea yaligawiwa kwa kufuata orodha. Boti ilipozama, arobaini na watano walioandikwa waliokolewa wote, na kampuni ikapewa cheti cha pongezi. Cheti hicho kilitundikwa juu ya kaunta namba tatu.

Kwenye benchi alikaa Klementina wa Katubuka, mke wa Asumani, ambaye alikuwa wa kumi na moja katika foleni. Alikuja kila siku na taulo.

"Afisa wa vyeti vya vifo amenikataa, baba," alimwambia Gervasi. "Anasema kwenye orodha hayumo, kwa hiyo hakupanda, kwa hiyo hajafa. Na shemeji zangu wanasema mtu ambaye hajafa hana mjane. Nyumba wanaitaka. Wamenipa mpaka Ijumaa."

"Waambie nilipanda," Asumani alisema kutoka kwenye foleni.

"Waambie mwenyewe! Miezi mitatu umesimama hapo unachuruzika tu, hata kufika Katubuka hutaki."

Wawili waliokuwa nyuma yake walicheka. Asumani alijipangusa uso kwa taulo, akasogea hatua moja.

Kuhifadhi fomu yoyote iliyozidi arobaini na tano kulihitaji nywila ya meneja. Meneja alikuwa Samson, aliyesoma na Gervasi shule moja ya bweni, wakilala kitanda kimoja, mmoja juu na mwingine chini.

"Nikiweka nywila yangu," Samson alisema Gervasi alipomfuata ofisini, "nimekiri kwamba nilipakia sabini na mmoja."

"Ndio uliowapakia."

"Kaka mkuu wa bweni! Kengele iliacha kulia zamani, Gerva, wewe bado umesimama mstarini. Ongeza memori."

Memori mpya iliwasili Alhamisi, gigabaiti sitini na nne nyingine. Gervasi aliifunga kwa mkono wake. Kwa hesabu yake ingetosha mpaka Oktoba, iwapo foleni haitaongezeka.

Ijumaa saa nne asubuhi boti ya Mwamgongo iliondoka. Yunisi alikuwa ameacha wazi fomu nyingine kumi na tisa. Saa nane Klementina alifika na godoro na masufuria mawili, akavipanga kando ya benchi, mahali pakavu. Hakuulizwa na mtu.

Saa nane na nusu boti ilikuwa haijapiga simu. Samson alishuka mwenyewe hadi chumba cha seva, akafunga mlango.

"Zifute," alisema. "Za Februari na za leo. Sasa hivi."

"Jina la Asumani haliko popote pengine duniani."

"Kidato cha tatu, Gervasi. Malaria ilikupanda kichwani. Nani alikubeba mgongoni kilomita kumi na moja, mvua inanyesha, mpaka hospitali?"

"Wewe."

"Uliniambia nini ulipoamka?"

"Kwamba nina deni lako la uhai, na siku utakayolidai nitalipa bila kuuliza."

"Leo nalidai."

Nje, kabla ya saa tisa kutimia, Yunisi alisikika akiburuta magunia zaidi kutoka stoo. Gervasi alisimama wima, mikono ubavuni.

"Deni nalitambua, Samson, na sitalikana mbele ya mtu yeyote. Kwa majina ya hawa silipi."