Shangazi Aliyesimama Pichani

Jumamosi saa nne asubuhi, kijijini Malindi, milimani Lushoto, Saumu alivalishwa kitenge kipya ili apigwe picha pamoja na bibi harusi. Nyonga yake ilivunjika siku basi dogo lilipopinduka kwenye kona za kushukia Mombo, dereva akiongea na simu. Kesi ya fidia ilikuwa Jumatatu. Bila fidia hakuna upasuaji, na bila upasuaji, daktari alisema, hatatembea tena.

Lakini kwao shangazi wa bibi harusi hapigwi picha amekaa, ni aibu kwa ukoo. Basi binti yake Husna na jirani yao Mariamu wakajibanza nyuma yake, wakamshika kiuno, wakamwinua. Picha ikatoka safi.

Wakili wake, Rubeni, alikuwa amemwonya: "Mama, mpaka kesi iishe, usiweke kitu mtandaoni." Saumu hakuweka. Aliyeweka ni Husna. Watu wakaandika, "Shikamoo shangazi, hujambo?" Naye Saumu, mtu wa adabu, akamjibu kila mmoja kwa simu ya Husna: "Marahaba, sijambo, alhamdulillah." Angesema nini? Jumapili wakili wa kampuni ya basi akaomba urafiki mtandaoni. Husna akakubali, asije akaonekana ana maringo.

Jumatatu Saumu wa pichani aliwahi mahakamani Lushoto kabla ya Saumu mwenyewe, kwa miguu, na kitenge chake. Kiunoni mikono minne yenye hina ilikuwa bado imemshika, imeishia kwenye viwiko. Alipewa kiti, akakataa.

"Mama, hujambo?" hakimu aliuliza.

"Sijambo, alhamdulillah."

"Hebu tembea."

Akatembea mpaka dirishani na kurudi, mikono ikimwinua kila hatua.

Rubeni alisimama. "Mheshimiwa, hiyo mikono ni ya nani?"

Wote waliiona. Watu wamesoma, wana macho mawili mawili. Karani hata aliihesabu, akaandika minne. "Mikono haijafungua kesi," hakimu alisema, na shauri likatupwa. Saumu mwenyewe alikuwa bado kwenye ngazi za nje, mgongoni kwa Husna.

Jioni walirudi Malindi, yule wa pichani akitangulia. Majirani walitoka kwenye viazi, wakapangusa mikono.

"Shikamoo shangazi, hujambo?"

"Naumwa," Saumu mwenyewe alisema kutoka mgongoni kwa Husna, mara ya kwanza tangu azaliwe. "Nyonga inaniua."

Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wanamsalimia aliyesimama, naye alishawajibu.