Fimbo ya Shaba Iliyopoa Kupita Kiasi

Jumapili mchana binti alifika kwa shangazi yake amekumbatia laptop kifuani, akakataa hata maji ya kunywa. Alikuwa akisomea shahada ya pili ya fizikia katika idara ileile aliyofundishia shangazi. Nyumbani alimwita Shangazi. Chuoni alimwita Mwalimu, kama wanafunzi wenzake.

"Hebu tazama uchafu huu," alisema, akafungua mashine palepale jikoni, katikati ya maganda ya vitunguu.

Kwenye kioo kulikuwa na grafu iliyotolewa na programu aliyoiandika mwenyewe, ya kukokotoa jinsi fimbo ya shaba iliyopashwa moto inavyopoa ikiachwa. Mstari ulishuka vizuri, ukapita chini ya joto la chumba, ukaruka juu, ukashuka tena, kama mlevi anayetafuta mlango wake.

"Chai haiwezi kupoa ikawa baridi kuliko chumba ilimowekwa," shangazi alisema. "Programu yako ina kasoro."

"Najua. Hatua za muda nilizoipa ni ndefu mno, inaruka sekunde nyingi kwa mpigo. Nilimwomba Profesa anipe nafasi nirekebishe. Unajua alinijibu nini? 'Futa nukta zinazoleta fujo, unganisha zilizobaki.' Nikadhani ananitania. Nilipokataa, alimpa mtu anayemchorea michoro ya makala akazifuta, makala ikaenda jaridani. Jina langu liko kwenye shukrani, chini ya fundi umeme."

Shangazi aliweka kisu chini.  Profesa ndiye aliyekuwa msimamizi wa binti, na pia mkuu wa idara. Nusu ya walimu walipita mikononi mwake.

"Jumanne tuna kikao," alisema polepole. "Tunaamua kama wanafunzi wa fizikia wafundishwe kuandika programu. Miaka yote nalipigania somo hilo, na miaka yote analipinga yeye."

"Analipinga?" Binti aliguna. "Na hawezi hata kufungua faili bila kuniita!"

Kikao kilifanyika ofisini kwa Profesa, madirisha yamefungwa. Alikuwa na tabia ya kula mayai ya kuchemsha wakati wa vikao. Aliyamenya juu ya tasnifu ya mwanafunzi fulani, akalamba kidole, na kwa kidole hichohicho akagawa karatasi za ajenda. Shangazi alishika yake kwa ncha ya kucha. Ilikuwa na unyevu.

"Jamani, mwanafizikia ni kichwa na chaki," Profesa alianza, kiini cha yai kimemgandia kwenye sharubu. "Haya ya kubonyeza-bonyeza tuwaachie mafundi. Ratiba yenyewe imejaa pomoni. Mimi sijui kuandika hata mstari mmoja wa programu. Nimekwama wapi?"

Ili kuthibitisha, akamwita binti, aliyekuwa akisubiri mlangoni, aonyeshe ukutani grafu ya makala yake mpya. Mstari uliteremka laini, hauna hata kovu.

"Profesa," shangazi alisema, "kwa kawaida nukta hazipangiki hivi. Za hapa katikati ziko wapi?"

"Yalikuwa makosa ya mashine."

"Ulijuaje kuwa ni ya mashine?"

"Uzoefu, Mwalimu. Uzoefu." Alicheka, chembe za yai zikamrukia aliyekaa mbele yake, naye akazifuta. "Ukitaka, muulize mbonyezaji wangu huyu."

Binti alimgeukia. "Mashine haikukosea. Ilifanya nilichoiambia, na mimi ndiye nilikosea kuiambia. Nilikueleza, Profesa. Ukafuta." Akabonyeza, na ule mstari wa kilevi ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango.

 Mwalimu mmoja alianza kukagua kalamu yake kana kwamba ameiokota.  

Profesa alijifuta mdomo kwa kiganja.

"Mmeona?" alisema, sauti imelainika. "Hili ndilo nililotaka mlione. Vijana wetu wanaandika programu mbovu kwa sababu hatuwafundishi! Napendekeza somo lianze muhula ujao. Nitalisimamia mwenyewe."

Watu husema fulani amekula matapishi yake. Huyu aliyala mbele ya kadamnasi, akaramba na sahani. Na walimu wakapiga makofi. "Hiyo ndiyo busara," alisema yule aliyerukiwa na yai.

Shangazi alikuwa amepata alichokidai miaka nenda rudi, na alihisi kama amelishwa tonge lililotoka kinywani mwa mtu mwingine. Profesa alimpa mkono wa pongezi, mzito na wenye mafuta. Shangazi alikwenda moja kwa moja msalani akanawa mpaka viwiko. Binti alimfuata.

"Si tumeshinda?" binti aliuliza.

"Somo limepita. Uongo wake bado uko jaridani."

"Akinifelisha je?"

"Utabadilisha msimamizi. Mimi siwezi kukusimamia, tu ndugu, ila nitakutafutia. Njoo tuandike barua sasa hivi, kabla hasira haijapoa."

Waliandika, wakaambatanisha grafu zote mbili. Jarida liliiondoa makala. Profesa hakuadhibiwa na mtu. Alieleza korido nzima kwamba mwanafunzi alimdanganya, na waliokuwa kikaoni, waliojua ukweli, walimpa pole. Binti alipata msimamizi mwingine, mama mkali asiyependa porojo, akaanza kazi yake upya.

Muhula ulipofunguliwa, darasa lilifurika hadi wengine wakakaa kwenye ngazi za ukumbi. Tangazo mlangoni lilikuwa na jina la Profesa kwa herufi nene. Aliyefundisha ni shangazi, na binti alizunguka kati ya viti akiwasahihisha wenzake. "Usiiamini grafu kwa sababu tu imetoka kwenye kompyuta," aliwaambia. "Jiulize kama inaingia akilini."

Walipotoka, walikutana na Profesa kwenye ngazi. Alisimama katikati, mikono nyuma, akisubiri shikamoo yake.

Binti alimkwepa upande wa ukuta, shangazi upande wa pili, wakaendelea kushuka wakijadili zoezi la wiki ijayo.