Mshipa Uliojibana

Malkia alikuwa ng'ombe mwenye maringo kuliko mabibi harusi wote wa Sitalike. Akiona mgeni zizini, anabana maziwa. Siku moja Lyamba, mdogo wake mwenye ng'ombe, alijifanya mjuaji, akamkamua kwa nguvu. Alichopata ni teke, ndoo ikaruka. Ndaki mwenye ng'ombe, mume wa Lucia, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ukimlazimisha anabana zaidi," alisema. "Mpapase, mrudishie ndama wake, kaa. Ataachia mwenyewe."

Ndaki huyohuyo ndiye aliyeanguka shambani akishika kichwa. Hospitali ya Mpanda wakampa rufaa, mwisho wakafika Dar es Salaam, na huko wakaambiwa kuna mshipa ndani ya ubongo umevimba na umevuja damu. Daktari Pudensiana angeingiza mrija mwembamba kupitia pajani, aupandishe mpaka kichwani, azibe pale palipovuja. Pakivuja tena, Ndaki haponi. Lucia alikubali.

Yeye na Lyamba walikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, nesi alipotoka mbiombio kufuata dawa.

"Vipi, dada?" Lyamba aliuliza.

"Mrija umefika shingoni, mshipa umejikaza, umeubana. Daktari amesimamisha kazi. Tunaweka dawa taratibu, tunasubiri ulegee."

Lyamba aliruka. "Mtu anakufa, nyie mnasubiri? Si auvute huo mrija!" Akauendea mlango, ngumi juu.

Lucia alikuwa na hofu ambayo hajawahi kuionja maishani. Hata hivyo alimdaka shati.

"Shemeji, kaa. Malkia akibana, kaka yako anafanyaje?"

Lyamba alimkodolea macho. Mkono ukashuka, akakaa. "Anampapasa," alisema. "Anamsubiri."

Wakasubiri. Lucia alisali rozari, na Lyamba, ambaye kanisa analijua Krismasi tu, akaitikia kwa sauti kuliko yeye.

Daktari Pudensiana alitoka amechoka, anatabasamu. Mshipa ulikuwa umelegea, akapita, akaziba. "Tungeuvuta, ungechanika," alisema.

Lucia alipiga magoti, akamshika mikono yote miwili. Kiswahili kilikuwa kimemwishia. "Wabeja," alisema kwa Kisukuma, "wabeja," akilia, na daktari akaelewa kuwa anashukuriwa.

Wakati wa mavuno Ndaki alirudi zizini, anatembelea fimbo. Malkia alimnusa, akainusa na fimbo, akabana.

Lyamba nusura aanguke kwa kicheko. "Kaka, na wewe umekuwa mgeni!"

Ndaki alivuta kigoda, akamleta ndama karibu, akaanza kumpapasa Malkia ubavuni kwa mkono ambao bado ulikuwa mzito kidogo. Kisha akatulia.

Lucia alisimama na ndoo, akimtazama mumewe alivyokaa pale, hai, anasubiri. Moyoni alimshukuru Mungu na Pudensiana kwa pumzi moja. Achelewe tu huyo ng'ombe, alijisemea. Leo hakuwa na haraka na maziwa.