Boksi Jekundu la Vibovu

Mudathir alipima rafu ya gari kwa kamba ya katani. Akafunga fundo pale urefu ulipoishia, na fundo jingine pale upana ulipoishia, kisha akanipa mimi kamba niishike.

"Twende kwa Nasser, Mama," akasema. "Leo tukachague maboksi, makopo basi tena."

Nilijua kwa nini hataki tena makopo. Naye alijua kwamba najua. Ila hakuna kati yetu aliyekuwa amelisema.

Gari lenyewe ni kirikuu nyeupe, kigari kidogo cha mizigo, ya mwanangu Stanley, aliyekuwa fundi wa mafriji hapa Mbagala. Stanley alifariki mwezi wa tatu, baada ya kulazwa wiki mbili. Mudathir alikuwa amefanya naye kazi miaka tisa, na hata baada ya mazishi hakwenda kutafuta kwingine. Kila asubuhi huja kuchukua gari, na kila jioni hulirudisha uani kwangu. Nilimwambia alilaze kwake, asijisumbue. Akanijibu, "Limezoea hapa."

Stanley aliweka vifaa vyake vidogo kwenye makopo. Kopo la siagi lilikuwa la skrubu. Kopo la maziwa ya unga, lile alilolelewa nalo mwanawe Hope, lilikuwa la fyuzi. Ndoo ndogo ya rangi ilikuwa ya kapasita, vile vidude vya mviringo vinavyoipa mota ya friji nguvu ya kuanza. Na kulikuwa na kopo moja la bati lenye kutu, halina mfuniko. Kila gari lilipokata kona ya kwetu makopo yote yaligongana, nami nikiyasikia nilianza kupasha mboga kabla halijasimama.

Tulipoanua tanga nilifua nguo zake. Kwetu nguo za marehemu hufuliwa na kunyooshwa kabla ndugu hawajagawiwa, na mama yake akiwa hai, kazi hiyo ni yake. Nilifua siku mbili. Siku ya tatu nguo zilikuwa zimekwisha na mikono yangu bado inataka kazi, nikaenda kwenye gari. Niliteremsha makopo yote, nikayaosha. Kila kifaa nikakifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikapanga vinavyofanana pamoja. Kwenye lile kopo la kutu nilikuta kapasita kama zile za kwenye ndoo, ila hizi zilikuwa na vumbi. Nilizisugua mpaka zikang'aa, nikazitia kwenye ndoo pamoja na zile nyingine. Kopo lenyewe nikampa mnunuzi wa chuma chakavu aliyekuwa akipita.

Wiki mbili baadaye Mudathir alirudi mapema, akaingia nusu mwili ndani ya gari, akapekua. Akaniuliza bila kutoa kichwa, "Mama, lile kopo lenye kutu liko wapi?"

"Nimelitoa. Vya ndani nimevisafisha, vimo kwenye ndoo pamoja na vingine."

Nilisikia akiirudisha ndoo mahali pake. Alipotoka aliniambia, "Haya, Mama. Hamna neno." Akanywa chai yangu yote, akanishukuru.

Habari niliipata kesho yake kwa jirani. Mudathir alikuwa amebadilisha kapasita kwenye friza la Munira, yule dada mwenye duka la maziwa na barafu karibu na msikiti. Friza likawaka vizuri, fundi akaondoka. Usiku mota ikaungua. Ndani mlikuwa na nyama ya hitima, maana kesho yake ilikuwa arobaini ya mama yake Munira. Nyama yote iliharibika.

Ndipo nikakumbuka kitu nilichokiona mara nyingi bila kukifikiria. Stanley kila alipotoa kifaa kibovu alimwonyesha mteja, ili ajue kweli kimebadilishwa. Mteja asipotaka kubaki nacho, Stanley alirudi nacho. Alikuwa anakitupia kwenye kopo la kutu.

Munira aliichukua ile kapasita akaiweka juu ya kaunta yake, ndani ya glasi. Kila aliyeingia dukani alionyeshwa. "Hiki ndicho alichonifungia Mudathir. Kikuukuu, kimesuguliwa kionekane kipya." Na kweli ilikuwa imesuguliwa. Wateja watatu wa barabara ile walikwisha kumwambia Mudathir asiende tena kwao. Alipoulizwa alijibu neno moja tu: "Kosa langu, sikupima." Mafuta yangu ya taa hakuyataja.

Na huyu Munira, siku ya msiba wetu, ndiye aliyeleta madumu mawili ya maji ya baridi kwa ajili ya watu waliokaa juani. Hakuitwa na mtu.

Tulipofika kwa Nasser alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni. Duka hilo la vyombo lilikuwa la babu yake, kisha la baba yake. Akasimama aliponiona.

"Mama Stanley, karibu. Pole bado."

"Tumeshapoa. Tunataka maboksi ya vifaa vidogo, ya kukaa kwenye gari."

Akatoa la kwanza, jepesi, lenye kung'aa. Nimeuza maandazi kwenye ndoo za plastiki miaka ishirini, kwa hiyo plastiki naijua. Nilikunja pembe ya mfuniko kwa kidole gumba. Ikaweka alama nyeupe.

"Hili litapasuka," nikasema. "Gari likisimama juani siku nzima, ndani ni tanuri."

"Ninyi watu wa Bukoba," Nasser akasema, "mnaminya plastiki kama mnachagua ndizi."

"Na wewe unaiuza kama ndizi, iliyooza unaiweka mbele."

Mudathir akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu mwezi wa tatu. Hakikudumu.

La pili lilikuwa gumu, lakini mfuniko wake ulishikwa na ukunjo wa plastiki tu. Mudathir akaufungua na kuufunga mara kumi, akaliweka pembeni. La tatu lilikuwa na pini ya chuma kwenye bawaba, vishikio viwili vya kubana, na mfuniko unaoonyesha vilivyomo. Akatia skrubu chumba kimoja na fyuzi chumba cha pili, akalifunga, akaligeuza juu chini, akalitikisa kwa nguvu.

"Barabara ya kwetu hiyo," akasema.

Alipofungua, skrubu tatu zilikuwa zimehamia kwenye fyuzi. Akasema polepole, "Hapana. Hivi vikichanganyika tena, mie sina pa kwenda."

Nasser akamtazama. "Ni kweli yale ya Munira? Watu wanasema kifaa kilikuwa kimetumika."

"Ni kweli."

"Ulijua?"

"Sikupima."

"Fundi wa miaka yote hiyo hukupima?"

Mudathir akainama, akazitoa zile skrubu tatu kwenye fyuzi. Nilikuwa nimeshika ile kamba yenye mafundo. Nikaizungusha kidoleni. Nasser akaenda ndani, akarudi na boksi zito la kijivu, kuta zake za ndani zikipanda mpaka kugusa mfuniko. Tulitikisa hilo, hakikuhama kitu. Nikaminya pembe, haikuweka weupe. Mudathir akalilaza chini, akasimama juu yake kwa miguu miwili. Likamstahimili. Tukalinganisha na kamba, likaingia kati ya fundo na fundo.

"Nipe manne," akasema Mudathir. "Na moja jekundu, lisiloonyesha ndani."

"Jekundu la nini?" Nasser akauliza.

"La vibovu."

Alisema hivyo akitazama mlango. Hakunitazama mimi. Nilielewa kwamba alikuwa ananihifadhi hata hapo, na kwamba ataendelea hivyo mpaka barabara zote zimfukuze.

Alihamisha vifaa palepale nje ya duka. Kila kapasita aliipima kwa mita yake ya umeme, nzima akaiweka kwenye boksi la kijivu, mfu kwenye jekundu. Mfu zilikuwa sita. Zote ziling'aa kuliko nzima. Nasser aliyaona makopo matupu chini, akaleta magazeti ya zamani bila kuombwa, akayafunga moja moja kama vyombo vya udongo, akayapanga kwenye katoni.

"Utapenda kuyaweka, Mama Stanley," akasema.

Tulipoingia kwenye gari nilimwambia Mudathir, "Pitia kwa Munira."

Hakuwasha. "Mama, acha. Wewe ni mfiwa. Hukuambiwa na mtu kwamba lile ni kopo la vibovu. Mie ndiye niliyepaswa kukuambia."

"Na wewe ni nani, kwani hukufiwa?"

Aliegemea usukani. Kisha akawasha.

Munira alikuwa peke yake dukani. Friza lilikuwa bado limezima, kifuniko chake wazi. Glasi ilikuwa juu ya kaunta.

"Shikamoo, Bibi," akasema, akanisogezea kigoda.

"Marahaba, mwanangu. Sitakaa. Hiyo kapasita niliisugua mimi."

Hakuelewa. Nikamweleza yote: nguo, makopo, kitambaa, mafuta ya taa. Nikamwambia nilidhani ni vumbi tu. Nikamwambia kwamba Mudathir alikuta ndoo ya mkubwa wake aliyoiamini miaka tisa, na mimi ndiye niliyeiharibu.

"Mbona yeye hakusema?"

"Hakutaka kunitaja."

Munira alipangusa kaunta pasipo na uchafu. "Arobaini ya mama tulikula wali na maharage," akasema. "Watu walisoma dua, wakala, hawakusema kitu. Shangazi zangu walitoka Rufiji. Mie ile harufu mpaka leo naisikia nikifungua mlango."

"Nisamehe, mwanangu."

"Bibi, nyama hairudi. Na arobaini haifanywi mara mbili."

"Najua."

Alitazama nje, gari lilipokuwa. Mudathir alikuwa amekaa mikono juu ya usukani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Friza nimeshampa fundi mwingine," Munira akasema. "Kwa hilo sirudi nyuma. Niliapa."

Nikakirudisha kigoda mahali pake. Munira akachukua ile glasi, akaimimina kiganjani kwangu. Kapasita ilikuwa nyepesi, safi kabisa. Aliisuuza glasi kwenye beseni, akaifuta, akaipanga rafuni na nyingine.

"Wakiniuliza nitawaambia," akasema. "Wasipouliza, siwezi kumfuata kila mtu nyumbani kwake."

"Ahsante."

"Angalia ngazi hapo, Bibi."

Garini nilipakata boksi jekundu. Nikaitia ile kapasita, ya saba, nikabana vishikio vyote viwili. Mudathir aliona. Akashika njia ya nyumbani.

Maboksi yalikaa kimya kwenye rafu. Makopo nayo yalikuwa kwenye magazeti ya Nasser. Tulikata kona ya kwetu, tukaingia uani, na hakuna kilichogongana. Mjukuu wangu Hope alikuwa jikoni, ametugeuzia mgongo, hakusikia kwamba tumefika. Nikashuka polepole nikamkuta anachambua mchele. Sufuria ya mboga ilikuwa kando ya jiko, imefunikwa, bado ya baridi.