Miche Katika Maharagwe ya Kavuo

Siku ya kupanda miti, watu waliokuja kuokoa dunia walikanyaga mistari minne ya maharagwe ya Kavuo, na hakuna aliyesema pole. Walifika kwa magari saba kwenye kilima chake, nje kidogo ya Butembo, wamevaa fulana nyeupe zenye jani la kijani kifuani. Bango lao la "Haki ya Tabianchi kwa Wote" walilihamisha mara tatu wakitafuta penye mwanga mzuri wa picha. Walipokunywa maji, chupa walizitupa palepale.

Onésime alikuwa kati yao. Alikuwa afisa wa mazingira, mtu wa Mbandaka aliyeletwa na serikali miaka minne iliyopita, na yeye ndiye aliyewapatia kilima. Mambo yalianza wiki moja kabla, pale Maliro alipoingia ofisini kwake. Maliro, kwa asiyemjua, ni mfanyabiashara wa mbao. Kwa miaka ishirini malori yake yamevuka mpaka wa Kasindi yakiwa yamejaa msitu wa watu, na alipoona msitu unakwisha huku wafadhili wakianza kulilia miti, akaunda shirika la kutunza hali ya hewa na kujifanya rais wake. Uso mkavu ule, hata mvua ya Butembo haiulowanishi.

"Chef, tunaomba kilima ya mama Kavuo siku moja tu," alisema. "Ni ya photo. Bageni banakuya."

Kavuo alikataa. Alikuwa mjane mwenye watoto watano na shamba hilo moja, aliloachiwa na mume wake. Onésime alipokwenda kumbembeleza, alimweleza bila hasira.

"Maharagi, mutu anaweza kulima mu shamba ya mwenzake, hakuna shida. Muti, hapana. Mwenye anapanda muti, ule njo mwenye udongo. Bale bakipanda hapa, miye nitabakia na nini?"

Onésime akacheka. Alikuwa amesoma sheria miaka mitatu na hakupenda kufundishwa na mwenye jembe.

"Mama, udongo ni ya État, ya serikali. Muti ni muti tu. Miye niko hapa, nakupatia neno yangu."

Kavuo alimtazama, akatazama na beji yake, kisha akakubali.

Basi ikawa sherehe. Kwa itifaki, serikali ndiyo inayoanza, kwa hiyo Onésime alipiga goti, akaweka mche wa kwanza shimoni na kuitabasamia kamera. Maliro alisimama nyuma yake akipiga makofi. Wengine wakafuata, miche thelathini kwa dakika kumi, maana nyama ilikuwa inawangoja mjini. Kabla ya kuondoka, Onésime aliletewa karatasi akaisaini juu ya boneti ya gari, hata hakuisoma.

Miezi miwili baadaye Onésime na Maliro waliitwa mjini Beni, kwenye mkutano wa siku mbili katika hoteli moja ya mtaa wa Beu. Milango ya ukumbi ilikuwa ya mbao nyekundu mpya, ambayo hakuna aliyeuliza ilikotoka. Kila msemaji aliwahurumia maskini wanaobeba mzigo wa makosa ya matajiri, na kila aliyemaliza kuhurumia alirudi kwenye sambusa zake. Kisha picha ya kilima cha Kavuo ikatokea ukutani, na chini yake maneno: Ardhi ya Bwana Maliro, hekta mbili, imethibitishwa na serikali. Saini ya Onésime ilikuwa pale, kubwa kama ya waziri.

Ukumbi ukapiga makofi. Onésime alimfuata Maliro penye chakula.

"Ile shamba ni ya mama Kavuo."

Maliro alikuwa na paja la kuku mkononi. Alijibu kwa upole, na huo upole ndio uliochukiza zaidi.

"Chef, huku kwetu muti njo document. Miti yake, mama alikatisha yote wakati bwana yake alikuwa ku hôpital, akauzisha. Shamba ikabakia buchi. Sasa iko na miti, na ile miti ni yangu. Weye mwenyewe ulisinya ile karatasi."

"Nilimupatia neno yangu."

"Neno, utamupatia ingine."

Kinyaa kilimpanda Onésime. Kwanza kilikuwa kinyaa cha huyo mtu na mafuta ya kuku kidevuni, kisha cha ukumbi mzima na machozi yake ya kukodi. Lakini njiani kurudi Butembo, kwenye kizuizi kimoja baada ya kingine, alikuta kinyaa kile hakijabaki Beni. Yeye ndiye aliyemcheka yule mama, na jambo lenyewe alikuwa ameambiwa waziwazi.

Alhamisi, Maliro alimleta Kitsa, chifu wa kilima, ili yeye Maliro akabidhiwe shamba mbele ya watu. Kitsa alikuja na buti za mpira, shavu limevimba kwa jino, akitaka kumaliza haraka. Kavuo alisimama kando na jembe lake. Majirani kama ishirini walikuwepo. Onésime naye alikuja, ingawa hakuna aliyemwita.

"Swali iko moja tu," Kitsa alisema. "Nani alitia muti ya kwanza mu udongo?"

"Shirika yangu," Maliro alijibu.

"Shirika haina mikono. Ni mutu gani?"

Maliro alikuwa amebeba ile picha ya sherehe katika fremu ya dhahabu, pana kama dirisha, ili kila mtu aione. Kitsa aliipokea, akaisogeza karibu na macho, akapitisha kidole juu ya kioo.

"Anayeshika muti ni huyu. Weye uko nyuma, unapiga makofi." Akamgeukia Onésime. "Basi shamba ni ya monsieur l'agent."

Maliro alibadilika rangi, lakini mtu wa biashara hakai bila mpango. Alisogea karibu na Onésime na kumnong'oneza kwa Kilingala, lugha ya kwao Mbandaka, ili Kavuo asielewe:

"Chef, tika yango bongo. Tokokabola."

Aache hivyohivyo, watagawana. Na aibu ya jambo hili ni kwamba Onésime alifurahi. Kwa pumzi moja tu, lakini alifurahi: hekta mbili Butembo, udongo mweusi, yeye ambaye hakuwa na hata mahali pa kuzikwa huku. Akainua macho akakuta Kavuo anamtazama kama anavyomtazama Maliro, hakuna tofauti hata kidogo. Mama akatema mate chini, akapangusa mdomo.

Onésime alikwenda hadi kwenye mche wake na kuushika shinani.

"Uking'oa ile, ni infraction," Maliro alisema. "Sheria inakataza kung'oa muti ya projet."

"Nani ataandika PV, ile karatasi ya kosa? Njo miye naziandikaka. Nitajiandikia."

Akavuta kwa nguvu zote, na nusura aanguke chali, maana mche haukushika kitu. Ulitoka na mfuko wake mweusi wa plastiki, mizizi imejizungusha ndani, haijawahi kugusa udongo wa shamba. Aliupanda akitazama kamera, akasahau kuuvua mfuko. Majirani wawili waliinama kukagua miche mingine, na yote ilikuwa vilevile.

"Mwenye ya kwanza ameachilia," Kitsa alisema, mkono shavuni. "Zile zingine hazikugusa udongo, hazina bwana. Mama, shamba yako." Akaondoka kutafuta mganga wa jino. Maliro alichukua fremu yake, akasema watakutana mahakamani, akashuka kilima akipiga simu.

Onésime alibaki pale na ule mche mkononi. Alikuwa anangoja neno, Mungu amsamehe, alikuwa anangoja kushukuriwa. Kavuo alikuja polepole na jembe lake hadi mbele yake.

"Umesimama mu maharagi," alisema. "Toka."